Jibu: Imani inayolegea katikati ya juma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Umeuliza kwa nini imani yako huwa imara ibadani Jumapili, kisha hulegea Jumanne ukiwa kwenye foleni ya daladala pale Mbagala huku ukiwaza kodi ya nyumba. Naona tatizo si uchache wa imani bali usahaulifu. Soma Zaburi ya 77: Asafu, mtunzi wake, hapati usingizi, anauliza kama Mungu amesahau fadhili zake, wala hapewi jibu la moja kwa moja, anachofanya ni kuamua kuyakumbuka matendo ya Bwana, hasa njia aliyowafungulia watu wake baharini. Daudi naye, kabla ya kumkabili Goliathi, alimsimulia mfalme Sauli habari za simba na dubu aliookolewa nao, yaani alihesabu aliyokwisha kutendewa na Mungu machungani. Mimi huandika mambo ya namna hiyo katika daftari dogo (mke wangu hulicheka kwa jinsi lilivyochakaa), nami hulisoma asubuhi nikiwa kwenye kivuko cha Kigamboni. Kodi haipungui kwa kusoma, lakini naomba kwa utulivu zaidi, nikijua ninayemwomba ni nani. Anza na jambo moja tu la mwaka huu.