Ukihamia Nairobi, tafuta barabara kabla ya nyumba

Nilishuka Nairobi mwaka 2014 nikitokea Voi, barua ya ajira mfukoni na sweta moja kwenye begi. Ofisi ilikuwa Westlands. Nyumba niliipata Rongai: vigae vipya, kodi nafuu, nikalipa siku hiyo hiyo. Kwenye ramani ya simu hazikuonekana mbali. Kwa miezi minane nikawa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na zile elfu tatu nilizojisifu kuokoa kwenye kodi zikaishia mikononi mwa makanga wa matatu.

Kosa langu lilikuwa kupima Nairobi kwa kilomita. Mji huu ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899, kwenye tambarare ambayo Wamaasai waliijua kwa maji yake baridi, na mwaka 1905 makao ya serikali ya kikoloni yakahamishwa hapa kutoka Mombasa. Barabara kubwa zinatoka katikati kwenda nje kama njiti za mwavuli: Barabara ya Thika, ya Jogoo, ya Mombasa, ya Lang'ata, ya Ngong, na Waiyaki Way. Matatu nazo zinafuata njiti hizo. Ya namba 125 inakutoa Rongai na kukubwaga kituo cha Railways. Ili nifike Westlands ilibidi nivuke tao, yaani katikati ya mji, kwa miguu, nitafute gari la pili, nilipe tena. Barabara za kuzunguka mji zimejengwa, lakini asiye na gari bado atapitia tao mara nyingi.

Kwa hiyo anza na kazi. Jua ofisi yako iko kwenye barabara gani, kisha tafuta nyumba kwenye barabara hiyo hiyo, hata kama ni mbali kidogo. Mtu wa Westlands anayekaa Kangemi au Uthiru, zote zikiwa upande wa Waiyaki Way, anapanda gari moja. Ukifanya kazi Eneo la Viwanda, angalia upande wa Barabara ya Jogoo au ya Mombasa. Treni za abiria za kutoka Syokimau, Ruiru, Kikuyu na Embakasi zipo pia, ila safari zake kwa siku ni chache. Ukiikosa ya asubuhi, umerudi kwenye matatu. Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands ni ya kulipia, na matatu nyingi bado zinapita chini yake, kwenye msongamano ule ule.

Kabla hujatoa amana, fanya jaribio ambalo mimi sikulifanya. Nenda kwenye nyumba hiyo Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, panda matatu kama mwenyeji, ushukie mlangoni pa ofisi. Usiende Jumapili. Jumapili Nairobi ni mji mwingine kabisa. Mvua ikinyesha ongeza saa nzima, na nauli pia, maana hupanda matone yakianza tu na hakuna wa kubishana naye.

Ujue vilevile kwamba wengi wanaosema wanaishi Nairobi hawaishi Nairobi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 3.1 katika kaunti hii, ya 2019 ikahesabu milioni 4.4, na bado hapo hujagusa Rongai, Ngong na Kitengela zilizo Kajiado, wala Ruiru na Juja zilizo Kiambu, wala Mlolongo iliyo Machakos. Asubuhi wote hao wanaelekea kwenye mlango ule ule.

Suala la maji usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama mboga wa pale nje, au jirani anayeanika nguo. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na hugawiwa kwa zamu. Mtaa mmoja unapata siku mbili kwa wiki, mwingine una siku moja, na hata hiyo inapotea. Nyumba yenye kisima chake inastahili kodi ya juu kidogo. Na yeyote anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa kabla hujaona chumba, mwache aendelee kupiga simu.

Kwa sisi wa Pwani kuna moja la ziada: Kiswahili chako kitachekwa ofisini wiki ya kwanza, halafu watakuletea barua zao uwasahihishie. Vumilia.

Upande wa pesa, hesabu kabla ya kuja. Utalipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya kiasi hicho hicho, nao mshahara wa kwanza utakuja mwisho wa mwezi. Tenga nauli ya siku zote hizo mapema, uiweke mbali na pesa nyingine. Mimi siku za mwisho za mwezi wangu wa kwanza nilitembea kutoka Westlands hadi Railways kila jioni, na makoti niliyoyaona yamevaliwa kwenye baridi ya Julai hiyo ndiyo yaliyonipeleka soko la mitumba la Gikomba siku ya mshahara.