Shangazi, wananiuliza nimepangiwa wapi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, naishi Ujiji, nina shahada ya ualimu. Nimeitwa usaili mara tatu. Mara mbili nimeangukia kwenye mchujo, ya tatu nikafika mahojiano, jina halikutoka. Niliosoma nao wakinikuta njiani wananiuliza "umepangiwa wapi?" natamani ardhi ipasuke. Kwa sasa namsaidia tu mama biashara ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhushia mzigo, namwandikia daftari la wadeni na kupigia simu wateja wa Tabora na Dar es Salaam. Niachane na ualimu?*
*Mwalimu asiye na darasa*

Marahaba mwanangu. Pole. Mimi niliwahi kunyimwa kazi ya ukarani nikajifungia ndani siku mbili, nikisingizia malaria.

Kwanza, kutoka mchujo hadi mahojiano umepanda. Na jina kutotoka si lazima uwe umefeli: wapo wanaofaulu mahojiano nafasi zikawa zimejaa, wakawekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira hadi nafasi ipatikane. Akaunti yako kwenye mfumo wao wa maombi usiitupe, na simu uliyoiandika humo iwe hewani.

Sasa hilo neno lako "tu" limenikera. Anayejua nani anadaiwa, nani hulipa kwa wakati na mzigo upande gari lipi, huyo anaendesha biashara. Mama anakulipa? Kaeni mkubaliane fungu lako, hata likiwa dogo.

Dagaa wenu mnaanika wapi? Kama ni mchangani, chota kiganja kimoja utafune. Ukisikia mchanga unalia kwenye meno, na mteja wa Dar anausikia, ndiyo maana anakuvutia bei chini. Wa kwenye chanja hutoka safi. Chanja ni miti na wavu, anza na moja. Mtaji ukipungua, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii mkopo wa halmashauri ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Vijana wametengewa asilimia 4, hauna riba, ila mnakopa kama kikundi, kwa hiyo chagua wenzako kwa macho makavu.

Lakini usiweke maisha yote ziwani. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na asiyekuwa na akiba aliipata. Kwa hiyo ualimu usiuache, uupangie siku zake. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa na mwalo unapoa. Siku hizo kaa na mwenzako akuulize maswali, ujibu kwa sauti, umesimama, kama uko mbele ya jopo.

Wale wa "umepangiwa wapi" wajibu: "Kibirizi. Nikufungie kilo ngapi?"

Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, rudi kwenye chanja.