Kabla hujaleta chatu shuleni, angalia darini

Mwaka juzi nilichangisha shilingi elfu moja kwa kila mtoto wa Darasa la Tano, nikamwita bwana mmoja mwenye chatu. Alifika kwa bodaboda, gunia kalipakata mapajani. Ndani ya nusu saa watoto themanini walikuwa wamevishwa nyoka shingoni kwa zamu, simu za walimu zikipiga picha, na mimi wa kwanza kwenye foleni. Swali pekee ninalolikumbuka lilitoka dawati la nyuma: "Mwalimu, anauzwa bei gani?"

Wiki iliyofuata nikasahihisha madaftari. Zaidi ya nusu walikuwa wameandika kwamba chatu ana sumu kali. Chatu hana sumu. Hujiviringisha kwenye windo na kulibana mpaka life. Nililisema hilo mara tatu siku ile, lakini nani amsikilize mwalimu wakati nyoka anapita?

Nyoka mwenyewe alikuwa amefungwa mdomo kwa plasta. Sikuuliza kwa nini. Kibali pia sikuuliza, na hapo ningeiingiza shule matatani, maana kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukipigiwa simu na mtu wa maonyesho ya wanyama, anza na karatasi. Akikuambia kibali amekisahau nyumbani, mwambie akifuate, na mnyama abaki huko huko. Kisha muulize kama watoto watamshika. Akijibu "wote, hata wadogo," mshukuru ukate simu. Nyoka na mijusi hubeba vimelea vya salmonela hata wakionekana wazima kabisa, na shule zetu nyingi unazijua: bomba moja, na siku ya onyesho ndiyo siku maji yanakatika.

Safari ya pili nilimpata kijana anayetunza ndege waliojeruhiwa, vibali vyote mkononi. Alikuwa na bundi aliyevunjika bawa, asiyeweza kuruka tena, mwenye uso mweupe wenye umbo la kopa la karata.

Bundi, sasa! Mzazi wa Dar anaweza kukubali simba aingie darasani, lakini bundi? Niliwaandikia wazazi barua siku kumi kabla, na hilo usiliruke hata mnyama awe kinda la mwewe. Jioni ile ile bibi wa mwanafunzi mmoja akanijia, kanga kichwani, tukaketi chini ya mwarobaini.

"Mwanangu, ndege huyo akilia juu ya paa watu wanaanza kutafuta majamvi ya msiba. Wewe unamwita mwenyewe?"

Sikubishana naye. Nilimwambia, "Bibi, karibu na wewe uje umwone." Akaja kweli, akakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Tulianza saa mbili asubuhi kabla ya joto. Nilikuwa nimewagawa watoto makundi manne ya ishirini, wanakaa chini, hakuna kushika. Kundi la kwanza lilikwenda vizuri mno. Walimwona akigeuza kichwa mpaka akatazama mgongoni kwake, na mmoja akataka kujua kwa nini shingo haivunjiki. Kijana akawaambia wajipapase shingo: binadamu ana pingili saba pale, bundi ana kumi na nne.

Kundi la pili lilipoingia, kunguru wakamwona kupitia dirishani. Namaanisha kunguru wetu hawa wenye shingo ya kijivu, ambao chimbuko lao ni India na waliingizwa Zanzibar miaka ya 1890, mpaka leo wanatusumbua. Mwarobaini ukajaa kelele. Bundi akajinyoosha akawa mwembamba, macho yamebaki mistari. Watoto wakacheka, "Anasinzia!" Kijana akasema hapana, anaogopa, hivyo ndivyo anavyojificha. Akasubiri dakika chache, akamrudisha kwenye sanduku, na onyesho likaishia hapo.

Watoto arobaini hawakumwona. Nilikasirika, nisikufiche, maana nilikuwa nimelipia makundi manne. Leo ningemlipa yule kijana zaidi. Wa chatu asingeondoka mpaka shilingi ya mwisho.

Wakati anafunga sanduku, akatazama michirizi myeupe kwenye ukuta wa stoo yetu ya unga wa uji. "Mwalimu, mbona mnaye wenu?"

Chini ya tundu la dari kulikuwa na vitonge vyeusi, ukubwa wa kidole gumba. Miaka yote tulidhani ni uchafu wa paka. Kumbe bundi humeza panya mzima mzima, nyama ikayeyuka tumboni, na manyoya na mifupa akaitapika ikiwa imefinyangwa pamoja. Niliokota vitonge kumi na kimoja kwa mifuko ya plastiki mkononi, nikavifunga kwenye foili na kuvichoma ili kuua vijidudu. Oveni ilikuwa ya jirani yangu anayeoka keki. Hadi leo sijamwambia.

Wale arobaini waliokosa onyesho ndio waliopewa vitonge, na njiti za meno na karatasi nyeupe. Darasa lilinyamaza mpaka nikatoka nje kuhakikisha sijakosea chumba. Walitoa mafuvu, mbavu nyembamba kama uzi, meno ya njano. Kitonge kimoja kilikuwa na mafuvu manne. Binti mmoja akaanza kuzidisha pembeni mwa karatasi: panya wanne mara siku thelathini. Waliomwona bundi mzima wakaja kuchungulia dirishani kwa wivu.

Katikati ya kazi hiyo akapita muuzaji na kipaza sauti chake: "Dawa ya panya, mende, kunguniii!" Yule binti akainua kichwa.

"Mwalimu, panya akiila hiyo, halafu bundi akamla panya?"

Miaka mitatu nimekuwa nikichora ubaoni nyasi, swala na simba. Swala hawamjui, na simba wao ni yule wa banda la Wizara ya Maliasili pale kwenye maonyesho ya Sabasaba, aliyelala mchana kutwa wakadhani anaumwa. Mnyororo wa chakula waliuelewa siku hiyo, kutokana na stoo ya uji.

Ndani ya stoo, kweli, kulikuwa na vipande vya mkate vilivyopakwa sumu. Watoto wakamwandikia mwalimu mkuu barua ya mistari sita, wakaibandika fuvu moja kwa gundi. Mkate ukaondolewa Ijumaa.

Yule bibi alipokuja kikao cha wazazi aliniuliza jambo moja tu, kama yule wa stoo bado yupo. Nikamjibu yupo.

"Basi wasimpige mawe," akasema. "Ila kwangu asije."