Kabla ya kununua dawa, omba kipimo cha kioo

Popo, mbwa wangu dume, alianza kudondosha damu sehemu za siri. Kliniki ya kwanza wakasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, wakanipa antibayotiki. Nikanunua dozi, nikarudia dozi. Wiki tatu, damu iko palepale.

Daktari wa pili wa mifugo hakuandika dawa. Alivuta ngozi nyuma, tukaona kinyama chekundu kama koliflawa. Akagandamiza kioo chembamba cha maabara juu yake ili seli zinate, akakipepea kikauke, akakichovya kwenye rangi, akainamia hadubini. Sikumaliza hata soda. Akaniita nitazame: seli za mviringo, ndani zina vitobo vyeupe kama povu.

Ilikuwa saratani ya kuambukizana kwa kupandana. Haina kirusi, ni seli hai za mbwa mwingine zinazohamia na kuota. Mbwa ana kromosomu 78, seli hizo zina takriban 57 hadi 64 tu. Na Popo, kila usiku geti lilikuwa wazi. Hilo ni kosa langu.

Tiba ikawa vinkristini, dawa ya saratani, kwenye mshipa, mara moja kwa wiki. Sindano tano, kinyama kikaisha. Dawa hiyo ni kali, hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kila sindano.

Mwaka uliofuata akaota uvimbe laini ubavuni. Safari hii niliomba mwenyewe: sindano nyembamba ya kunyonya seli za uvimbe na kuzipaka kwenye kioo, bila nusu kaputi. Kioo kikatoka na matone ya mafuta yasiyokauka. Uvimbe wa mafuta tu, tukauacha. Asikudanganye mtu kwamba kidole kinatosha. Uvimbe wa seli za masti (aina ya seli za kinga), ambao ni saratani, unaweza kubonyea vivyo hivyo.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Kinaonyesha seli, hakionyeshi zilivyopangika, hivyo wakati mwingine lazima kikatwe kipande cha nyama. Sindano ikileta damu tupu, usilipie majibu ya kubahatisha, ichomwe tena.

Na kama vioo vinasafirishwa kwenda maabara, visikae mfuko mmoja na chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya nyama, hata ikiwa imefungwa. Mvuke wake huharibu upakaji rangi. Vyangu viliwahi kurudi hivyo, nikalipa nauli ya basi mara mbili.