Sadaka elfu za Gibeoni hazikununua ahadi

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Kanisani tumetangaziwa "sadaka ya Sulemani". Kila mmoja apande mbegu ya kumuuma, kwa kuwa ahadi za Mungu zilitimia kwa Sulemani alipotoa sadaka elfu moja kule Gibeoni. Mimi sina hela. Nikope kwenye kikoba?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Usikope.

Kila mwaka ukianza swali hili hunifikia, na mstari ni uleule, 1 Wafalme 3:4, umenyofolewa peke yake. Ahadi yenyewe ilitolewa lini? Fungua 2 Samweli 7:12-16: nabii Nathani anamwambia Daudi, baba wa Sulemani, kwamba mwanawe atarithi kiti cha enzi na kumjengea Mungu nyumba. Sulemani anazaliwa sura ya 12. Nchi hadi mto Frati, inayotajwa kutimia katika 1 Wafalme 4:21, aliahidiwa Abramu katika Mwanzo 15:18, na moto ulipopita kati ya vipande vya wanyama waliokatwa kwa ajili ya agano hilo, Abramu alikuwa ameshikwa na usingizi mzito. Sulemani alikuta yote yameshasemwa.

Sasa rudi mstari mmoja nyuma ya ule wanaoupenda. 1 Wafalme 3:3 inasema alimpenda Bwana, ila alikuwa akitoa dhabihu mahali pa juu, yaani kwenye madhabahu za vilimani. Gibeoni ndipo palipokuwa mahali pa juu pakubwa kuliko pote. Yaani sadaka mnayoambiwa muige, mwandishi ameitanguliza kwa dosari! Kisha soma 3:10-13: kilichompendeza Mungu ni ombi la moyo wa kuamua kwa haki. Zile elfu hazitajwi tena.

Wanyama wengi zaidi wako sura ya 8, hekalu linapowekwa wakfu: ng'ombe 22,000 na kondoo 120,000, mstari wa 63. Lakini katika mstari wa 56 Sulemani ameshatangaza kwamba hakuna neno hata moja la ahadi iliyotolewa kwa Musa lililoanguka. Alitoa akishukuru. Ukiugeuza mpangilio huo, shukrani inakuwa malipo ya awali.

Jambo jingine wasilolihubiri kabisa: mara ya kwanza mwandishi mwenyewe anaposema neno la Bwana limetimia katika utawala huu ni 2:27, kuhani Abiathari anapofukuzwa kazi, kama ilivyotamkwa kule Shilo juu ya nyumba ya kuhani Eli, ukoo wa Abiathari. Mungu anatimiza na maonyo pia. Kumbukumbu la Torati 17:16-17 lilimkataza mfalme kuzidisha farasi, wake na dhahabu. Sulemani alizidisha vyote vitatu, wake 700 na masuria 300, na katika 1 Wafalme sura ya 11 nabii Ahiya anararua vazi vipande 12, mfano wa makabila ya Israeli, na kumpa Yeroboamu, mtumishi wa Sulemani, vipande 10.

Kwa hiyo mtumishi yeyote anayetaja kiasi na namba ya kutumia pesa kabla ya kutaja sura nzima, mwombe asome mpaka 11:13 mbele yenu. Hapo Mungu anaeleza kwa nini mwana wa Sulemani anaachiwa kabila moja: kwa ajili ya Daudi, na kwa ajili ya Yerusalemu. Wale ng'ombe 22,000 hawamo.