Maswali ya Wasomaji: Uzamili wa Mifumo ya Wakati Halisi

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa programu na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Nataka kusoma uzamili, nijikite kwenye mifumo ya wakati halisi. Tasnifu ninayoiwazia ni umwagiliaji wa mizabibu kwa vitambuzi vya unyevu. Nijiandae vipi? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Tuanze na tasnifu, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mfumo wa wakati halisi ni ule ambao jibu sahihi likichelewa huhesabiwa kosa. Unyevu wa udongo hubadilika kwa saa nyingi. Pampu ikichelewa sekunde tano, mzabibu haudhuriki, kwa hiyo umwagiliaji huo hauhitaji mfumo wa wakati halisi. Ukitaka kubaki na pampu, hamia kwenye udhibiti wa mota yake, ambako hesabu hurudiwa kila milisekunde au chini ya hapo.

Kisha jizoeze kuthibitisha ratiba kwa kalamu. Chukua kazi tatu (vipande vya programu vinavyojirudia) kwenye prosesa moja; kila moja lazima iishe kabla haijaja tena. Ya kwanza huja kila milisekunde 20 na kutumia 5, ya pili kila 50 na kutumia 10, ya tatu kila 100 na kutumia 40. Inayokuja mara nyingi zaidi ipe kipaumbele cha juu. Jumla, prosesa inatumika asilimia 85, ilhali kanuni ya watafiti Liu na Layland ya 1973 inazihakikishia kazi tatu kumalizika kwa wakati hadi takriban asilimia 78 tu. Usikate tamaa: kuvuka kiwango hicho hakuthibitishi kwamba ratiba imeshindwa. Kokotoa muda wa jibu wa kazi ya tatu, yaani tangu inapokuja hadi inapoisha. Anza na 40, ongeza 5 kwa kila ujio wa kazi ya kwanza ndani ya muda huo na 10 kwa kila ujio wa kazi ya pili, kisha rudia kwa jibu jipya. Utapata 60, halafu 75, halafu 80, na 80 itajirudia. Haijafika 100, basi ratiba inapita.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kazi hazingojani. Zikitumia kufuli moja (linaloruhusu kazi moja tu kugusa data kwa wakati mmoja), washa urithi wa kipaumbele: kazi iliyoshika kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha ile ya juu inayolingoja. Kwa kukosa hilo, chombo cha anga cha Mars Pathfinder kilijiwasha upya mara kadhaa mwaka 1997.

Zile 5, 10 na 40 ziwe muda mrefu kuliko wote, kamwe si wastani. Inua volteji ya pini ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kazi inapoanza, ishushe inapoisha, soma upana wa mpigo huo kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volteji kadiri muda unavyopita. Pima kila kazi peke yake, la sivyo utahesabu mara mbili muda wa ile iliyoikatiza. Programu isiombe nafasi mpya ya kumbukumbu ya kompyuta katikati ya kazi, kwani muda wake hautabiriki.

Ukiomba nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au kwingineko, uliza kwanza kama maabara ina osiloskopu na kama mtihani wa upangaji ratiba una hesabu za namna hii.