Kabla hujashika bisibisi: joto la prosesa kwenye Linux

Wadogo zangu wa fildi, juzi nimemkuta mmoja wenu kalaza kesi ya kompyuta mezani, ubavu wazi, bisibisi sikioni kama kalamu ya seremala. Namuuliza vipi. "Nabadilisha pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, kaka. AUXTIN inasoma nyuzi 127." Ingekuwa 127 ya kweli, dogo, tungekuwa tunachoma mishkaki. Hiyo ni pini ya mazabodi ambayo haijaunganishwa na kitu, inajisemea tu. Kusema nimechoka, ngoja niandike.

1. Anza na jina la sensa, namba baadaye. (Si sensa ya watu na makazi.) Mkipiga sensors, amri ya kusoma joto, mnakimbilia namba kubwa kuliko zote. coretemp ni sensa ya prosesa za Intel, k10temp ni ya AMD. acpitz, sensa ya mazabodi, mara nyingi inaganda palepale, 27.8 asubuhi, 27.8 mashine ikirenda video. Iacheni ilale.

2. Tctl siyo joto halisi, ni namba ya AMD ya kuongozea feni. Hapa mnivumilie.

Nilikuwa na fremu Kaloleni. Akaja kaka mmoja anayehariri video za harusi na sendofu, mashine yake Ryzen 7 1700X ya AMD, Ubuntu. "Fundi, inachemka hata nikiwa sijafungua kitu." Nikaangalia kile kidude cha joto juu ya skrini: 61. Nikabadilisha pesti. 61. Nikanunua pesti ya bei mbaya zaidi. 60, nikajipongeza. Kesho yake nimefika Julai ile ya Arusha, Meru hauonekani kwa ukungu, mikono kwenye mifuko ya koti. Nawasha mashine iliyolala imezimwa usiku kucha: nyuzi 52. Kitu cha baridi kinaamkaje na homa? Hapo ndipo akili ilitakiwa iniingie. Haikuingia. Nikazima, nikafungua skrubu za hitisinki, nikavuta kwa nguvu, wima.

Nikasikia "tap". Hitisinki ikaja na prosesa imening'inia chini yake, imenata kwenye pesti, imeng'oka soketini na wenzo ukiwa bado umefungwa. Soketi hii ya AMD, AM4, miguu iko kwenye prosesa yenyewe, mnajua. Ile safu ya pembeni ililala kama mahindi baada ya upepo. Nilishinda nainyoosha kwa ncha ya kalamu ya risasi isiyo na risasi, taa ya simu mdomoni. Mguu mmoja ukabaki mkononi mwangu.

Prosesa nyingine ya mtumba ilitoka Nairobi, ikapita Namanga kwenye mfuko wa dereva, na hela ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nilipoifunga nikawasha: 61. Nikakaa chini. Ndipo nikapiga sensors na kusoma mistari yote. Tctl 61. Mstari wa jirani, Tdie, joto la chipu yenyewe: 41. AMD walieleza tangu 2017: kwenye 1700X na 1800X, Tctl imeongezewa nyuzi 20 makusudi, ili feni za AM4 zifuate mpangilio mmoja. 2700X inaongezewa 10. Ile 1700 bila X haina nyongeza. Kile kidude cha skrini kilikuwa kimechagua Tctl, na mimi nikakifuata kama kondoo.

Na hitisinki ya AM4: pasha mashine moto kwanza kwa kuipa kazi, zima, zungusha taratibu, ndiyo uinue.

3. Intel inahesabu kushuka kutoka kikomo chake cha joto, TjMax. Kwenye chipu za zamani kerneli, moyo wa Linux, inakisia kikomo hicho, kwa hiyo ikikosea, kila nyuzi unayoiona imekosea.

4. Namba za hwmon, folda ambamo Linux inaweka usomaji wa sensa, zinahama. Leo hwmon2 ni prosesa, ukiwasha upya ni SSD. Skripti isome faili la name lililo ndani ya folda. Na thamani zimo kwa elfu: 45000 ni nyuzi 45. Kuna mwenzenu aliweka king'ora kilie ikizidi 80, akasahau ile elfu. Kililia saa nane usiku, mlinzi akapanda ngazi na rungu.

5. Mstari wa uongo uandikie ignore (puuza) kwenye faili ndani ya /etc/sensors.d, yaishe.

Bisibisi nimezifungia kwenye droo. Anayezitaka aje na sensors nzima, tangu mstari wa kwanza, asiniletee picha ya ule mmoja mwekundu.